Shangazi, Je, Nimfiche Mama Safari Yangu?

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Nina umri wa miaka 28, sijaolewa, na ninaishi na mama yangu, ambaye ni mjane, pamoja na wadogo zangu wawili. Tangu nikiwa mwanafunzi nimekuwa na hamu moja ambayo haijapoa: kubeba shanta mgongoni na kuizunguka nchi yangu kwa mabasi, taksi na meli, nikilala katika gesti za kawaida na kula wanachokula wenyeji. Kwa miaka mitano nimewasahihishia watoto insha za safari, ilhali mimi mwenyewe sijavuka Kampala kuelekea magharibi hata mara moja.

Nimeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu, na sasa nina shilingi 1,600,000 ambazo hazina deni. Nimepanga kuitumia likizo ndefu ya Desemba na Januari kwa safari ya siku 21. Nitatoka Tororo kwenda Kampala, kisha visiwa vya Ssese, Kabale na Ziwa Bunyonyi, Kisoro, halafu Kasese ambako ninataka kupanda Milima ya Rwenzori mpaka kilele cha Margherita. Nikishuka nitapita Fort Portal, nielekee Gulu na Kitgum hadi mbuga ya Kidepo, nikatishe Karamoja mpaka Moroto, na kurudi nyumbani kupitia Mbale na maporomoko ya Sipi. Ramani nimeibandika ukutani chumbani mwangu, na kila usiku naitazama kabla ya kulala.

Rafiki yangu tuliyepanga naye amejitoa, kwa kuwa posa yake imeangukia katika mwezi huohuo. Simlaumu. Nilipomwambia mama kwamba huenda nikaenda peke yangu, aliinuka akaingia jikoni, na hakuzungumza nami mpaka kesho yake. Alipozungumza alisema kwamba mwanamke hazururi peke yake kama mbuzi aliyekata kamba, kwamba kubeba mizigo mgongoni bila biashara ni mambo ya Wazungu, kwamba majirani watacheka, na kwamba fedha hizo zingetosha kubadilisha mabati ya nyumba yanayovuja. Lililomwudhi zaidi ni visiwa. Mama alizaliwa Majanji, ufukoni mwa Ziwa Victoria, na kaka yake, yaani mjomba wangu, alizama ziwani akisafirisha mukene, yaani dagaa, nilipokuwa na umri wa miaka minne. Tangu siku hiyo mama hapandi chombo chochote cha majini.

Mwalimu mwenzangu amenishauri nimwambie mama kwamba nimeitwa Kampala kwa semina ya Kiswahili ya wiki tatu. Uongo huo utaaminika kwa urahisi, kwa sababu tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, mama amezoea kusikia habari za mafunzo ya walimu wa somo hili. Moyo wangu unasitasita, lakini nikisubiri mpaka mama akubali, naogopa nitazeeka nikiitazama ramani ile ukutani.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, ni kosa kumficha mama ili kumlinda na wasiwasi? Je, mwanamke aliye peke yake anaweza kuifanya safari hii akarudi salama? Na je, fedha na siku nilizonazo zinatosha?

Mwalimu mwenye shanta,
Tororo


Mwanangu Mwalimu,

Naanza na jibu unalolisubiri, ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: nenda, ila usimfiche mama.

Ni kweli kwamba mtoto anayeondoka bila radhi za mamake hubeba mzigo mzito kuliko shanta lolote, na sitaki kulipuuza jambo hilo. Hata hivyo, sababu inayonikosesha usingizi nikisoma barua yako ni nyingine. Msafiri aliye peke yake hulindwa kwanza na mtu aliye nyumbani, ambaye anajua jana alilala wapi na leo anatarajiwa kulala wapi. Ukimwambia mama kwamba uko Kampala, ilhali uko juu ya maji ukielekea Kalangala katika visiwa vya Ssese, utakuwa umeuondoa ulinzi huo kwa mkono wako mwenyewe, na likitokea la kutokea, ndugu zako watakutafuta katika kumbi za semina kwa siku tatu kabla ya mtu yeyote kulifikiria ziwa.

Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina, na mpaka leo hakuna anayeweza kutaja kwa hakika idadi ya waliokufa. Huku kwetu, mwezi Agosti 2023, boti iliyotoka Lwanabatya katika visiwa vya Kalangala ilipinduka, watu 20 wakafa. Polisi walisema ilikuwa imejazwa kupita kiasi na hali ya hewa ilikuwa mbaya, na shehena yake ilikuwa makaa, vyakula na mukene. Mama yako anapolisikia neno hilo la mukene katika taarifa ya habari, nadhani unajua anamwona nani.

Nami niliwahi kulifanya kosa unalotaka kulifanya. Nikiwa mdogo kwako kidogo, nilivuka kwenda kisiwa kimoja katika boti ya mbao iliyobeba makreti ya soda, mbuzi watatu na abiria waliokaa juu ya mizigo, baada ya kuwaaga nyumbani kwamba nakwenda kumtembelea rafiki Masaka. Hakuna aliyeniuliza jina langu pale gatini. Tulipofika katikati, ufuko wa nyuma ukapotea na wa mbele haujaonekana, ndipo nilipotambua kwamba duniani kote hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua nilipo. Tulifika salama. Lakini hofu ile sijaisahau, na haikuwa hofu ya mawimbi.

Sasa turudi kwa mama. Umeandika kwa kirefu juu ya mabati, majirani na Wazungu, kisha habari za mjomba ukazipitia kwa sentensi mbili. Mimi nimezisoma sentensi hizo mbili mara nyingi kuliko barua nzima. Habari za mabati zina jibu lake: fedha ni zako, umezifanyia kazi, na ukitenga sehemu yake kwa ajili ya paa kabla ya kuondoka, hoja hiyo itakuwa imekwisha. Kuhusu Wazungu, mama zetu wanaofanya biashara mpakani, Busia na Malaba, wamekuwa wakibeba mizigo yao na kulala ugenini tangu kabla hujazaliwa, na mama yako anawafahamu kwa majina. Hayo yote mama aliyasema kwa sababu lile moja halisemeki. Mama haogopi kwamba utazurura. Anaogopa kwamba ziwa litamchukua mtu wa pili katika nyumba yake.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza iwe ya siku moja, na uifanye pamoja naye. Mwombe akupeleke Majanji. Si mbali na kwenu, na mnaweza kurudi jioni. Usiende na ramani, wala usizungumzie Ssese. Mkiwa pale mwulize juu ya kaka yake: alikuwa kijana wa namna gani, alianza lini kazi ya mukene, chombo kilikuwa na watu wangapi siku ile, kiliondoka saa ngapi, nani alileta habari nyumbani, na baada ya muda gani. Ulikuwa na miaka minne, kwa hiyo inawezekana hujawahi kuisimuliwa habari hiyo kwa ukamilifu, na inawezekana mama hajawahi kupata mtu wa kumsimulia. Msikilize mpaka amalize. Huenda akalia, mwache alie.

Majibu atakayokupa yatakuwa kanuni za safari yako. Sitashangaa akikwambia, kwa mfano, kwamba chombo kiliondoka usiku, kwa sababu Ziwa Victoria lina tabia ambayo wavuvi waliijua kabla ya wanasayansi kuipima. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea ufukoni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, upepo kutoka pande zote za ufuko hukutana juu ya ziwa na kupanda, na hapo ndipo ngurumo na tufani kubwa huzaliwa, aghalabu kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mtu aliye ufukoni wakati wa jioni huona maji yametulia, akadhani usiku utakuwa hivyohivyo. Ndiyo maana nasema usipande chombo kidogo baada ya jua kuanza kushuka, wala alfajiri kabla hakujapambazuka, hata ukiambiwa kwamba ndicho cha mwisho na kwamba wengine wote wanapanda.

Nunua jaketi la kuokoa maisha lililo lako mwenyewe. Usitegemee yale ya kwenye boti, ambayo mara nyingi ni machache kuliko abiria, au yamefungwa chini ya mizigo, au kamba zake zimekatika. Lilijaribu kwanza ukiwa nyumbani, ulikaze kamba mbele ya mama, na umwache alivute kwa mikono yake ahakikishe kwamba halitoki. Halichukui uzito mkubwa, unaweza kulifunga nje ya shanta, na usiku litakufaa kuwa mto. Kisha mwahidi kwamba hutapanda chombo chochote bila kulivaa mwilini, na kwamba ukiona chombo kimejaa utashuka hata kama nauli umekwisha kulipa. Ahadi hiyo iendelee mpaka Bunyonyi, ambako watu husafiri kati ya visiwa kwa mitumbwi ya kuchonga na utulivu wa maji humfanya mgeni asahau kwamba ziwa lile ni refu kwenda chini.

Nije kwenye ramani yako, na hapa sina budi kukuvunja moyo kidogo. Nimezihesabu siku za njiani katika mpango wako, nikaongeza siku nane za mlimani, nikapata siku 22 kabla hujalala hata usiku mmoja mahali popote kwa ajili ya kupaona tu. Mpango huo ungekuonyesha nchi kupitia dirisha la basi. Margherita ina mita 5,109, kilele chake kimezungukwa na barafu, na hupandwa kwa wiki nzima au zaidi, pamoja na kiongozi, wapagazi, kamba na vyuma vya kuvaa chini ya viatu. Mwitaliano aliyekifikia kwanza mwaka 1906, Duke wa Abruzzi, alikwenda na msafara mkubwa. Safari hiyo peke yake inaweza kuimeza akiba yako yote, na mtu ambaye hajawahi kulala mahali pa juu hapaswi kuanzia pale, kwa kuwa ugonjwa wa kimo humpata hata kijana mwenye nguvu asipopanda taratibu. Wewe unaishi karibu na Mlima Elgon. Anza na Wagagai, kilele chake chenye mita 4,321, katika likizo nyingine, ukiongozwa na askari wa hifadhi, ndipo utakapojua kama mwili wako unaipenda baridi ya juu. Sipi nayo ni safari ya mwisho wa juma kutoka kwenu; usiipe nafasi katika likizo ndefu.

Kidepo naiondoa kwa masikitiko, maana kwangu mimi hakuna mahali pazuri kuliko bonde la Narus wakati nyasi zimekauka na nyati wamekusanyika kwenye maji. Lakini mbuga ile, yenye kilomita za mraba 1,442 katika pembe ya mwisho ya nchi, haina taksi ya abiria ndani yake, na huruhusiwi kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha. Kukodi gari kwa mtu mmoja ni gharama isiyo na maana. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, na kwa bei ndogo mno kuliko wageni wa ng'ambo, kwa hiyo walimu watano au sita mkichanga fedha za gari mnaweza kuifikia bila kujiumiza. Mkifanya hivyo, ulizeni hali ya usalama Kitgum au Moroto kabla ya kuendelea, kwa sababu wizi wa ng'ombe kwa bunduki katika Karamoja hupungua na kuzuka tena, na watu wa pale wanaijua hali ya wiki hii kuliko mtu yeyote wa Kampala.

Kinachobaki ni safari ya siku 15 upande wa kusini na magharibi, na naamini itakutosha. Tenga shilingi 300,000 ambazo hutazigusa ila kwa dharura, uziweke katika simu na si mfukoni. Zitabaki 1,300,000, ambazo ni zaidi ya shilingi 86,000 kwa siku, na kwa mtu anayelala gesti ya kawaida na kupanda taksi ni riziki ya kutosha. Lala Kampala usiku wa kwanza, Masaka usiku wa pili. Siku tatu ukae Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese. Tembea kwa miguu kutoka mji wa Kalangala, uone jinsi michikichi ilivyochukua mahali pa msitu, na umwulize mzee yeyote habari za malale, ugonjwa ulioua watu wengi mno mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wa visiwa vyote mwaka 1909. Usioge ufukoni palipo na matete, kwa kuwa konokono wa kichocho hukaa hapo.

Kutoka Masaka upande basi la mchana hadi Mbarara, ulale, kisha Kabale. Mabasi ya usiku uyaache kabisa. Bunyonyi ipo juu ya mita 1,900, na baridi yake humshangaza mtu wa Tororo, kwa hiyo sweta moja zito lina thamani kuliko nguo tatu za kupendeza. Kaa siku tatu. Ukiwa kwenye boti utaonyeshwa Akampene, kisiwa kidogo chenye mti uliojiinamia, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa na jamaa zao wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja wao bure. Watalii hupiga picha kwa haraka na kuendelea. Wewe mwombe mwenye boti azime injini kidogo.

Baada ya hapo ulale Kasese, uitazame Rwenzori kutoka chini asubuhi mapema kabla mawingu hayajaifunika, na umalizie kwa siku tatu Fort Portal. Nimepachagua hapo kwa sababu ya jambo ambalo linahusiana na swali lako la pili. Watooro wana desturi iitwayo empaako: kila mtu hupewa mojawapo ya majina 12 ya heshima na mapenzi, kama Amooti, Akiiki, Abwooli au Adyeri, na kumsalimu mtu bila kumwita kwa empaako yake ni kumsalimu nusu. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mgeni anayekaa siku mbili tatu na kuzungumza na watu vizuri huulizwa empaako yake, na akisema hana, hupewa. Ukikaa usiku mmoja tu huondoki nayo.

Uliniuliza kama mwanamke aliye peke yake anaweza kurudi salama, nami nakujibu kwamba anaweza, mradi asiwe mtu asiyejulikana. Mahali unapofika, hasa kijijini au kisiwani, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umwonyeshe kitambulisho chako na umwambie unalala wapi. Wasichana wengi huona jambo hilo ni la kizamani au la kujidhalilisha. Kwangu ni sawa na kufunga mlango kwa komeo, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya akishajua kwamba mwenyekiti anakufahamu, atafikiri mara mbili. Mwanamke anayeuza chakula karibu na gesti ni rafiki bora kuliko mhudumu wa mapokezi. Kula kwake mara mbili, mwite mama au dada kama umri wake unavyostahili, na atakwambia bila kuulizwa ni njia ipi isiyopitika baada ya saa moja usiku na ni dereva gani wa boda boda aliye mwaminifu. Fika kila mji mpya kabla ya saa kumi jioni, ili uwe na wakati wa kukikataa chumba ambacho mlango wake haufungi.

Neno moja kuhusu lugha yetu, kwa kuwa unaifundisha. Katika Buganda wapo wazee ambao bado wanakihusisha Kiswahili na askari na vituo vya ukaguzi vya miaka ya zamani, na ukiwaanzia kwa Kiswahili utaona nyuso zimefungwa. Anza kwa "gyebale ko, nnyabo" kwa mwanamke, au "ssebo" kwa mwanamume, na Kabale uanze kwa "agandi". Uso ukishafunguka, ongea Kiswahili chako. Utashangaa ni wangapi wanaokifahamu, na hasa Kasese, ambako biashara na Kongo imekiweka sokoni siku zote.

Mpe mdogo wako anayeaminika nakala ya ratiba, tarehe kwa tarehe, na mkubaliane juu ya maneno mawili ya ujumbe. Kabla ya kupanda chombo chochote cha majini utaandika "nimepanda", pamoja na jina la chombo na mahali kinapokwenda. Ukishuka utaandika "nimeshuka". Usipoliandika neno la pili ndani ya muda mliokubaliana, ajue ampigie nani. Chukua laini za mitandao miwili tofauti, kwa kuwa visiwani mmoja huweza kupotea kabisa pale ambapo mwingine unapatikana. Mama asiposoma ujumbe mwenyewe, mdogo wako amsomee kwa sauti kila mara, hata akiwa shambani. Baada ya siku chache utakuta ni yeye anayeuliza mwanangu leo amefika wapi.

Inawezekana kwamba mkirudi kutoka Majanji mama ataendelea kukataa. Ikiwa hivyo, usibishane naye siku hiyo. Ngoja wiki moja, kisha mwambie ukweli wote kwa upole: kwamba wewe ni mtu mzima, kwamba umeamua kwenda, kwamba hutapanda mtumbwi, na kwamba umemwambia kwa sababu hutaki apate habari zako kwa namna alivyozipata za kaka yake. Akikupa radhi zake, upokee kwa magoti. Akinyamaza, nenda vilevile, na umwandikie kila siku.

Lakini kabla ya kufika huko, jaribu jambo moja zaidi. Njia ninayotaka uipite kwenda Bugala ni ile ya kivuko kikubwa cha kubeba magari kutoka Bukakata, karibu kilomita 40 kutoka mji wa Masaka, mpaka Luuku. Ipo pia meli ya MV Kalangala inayotoka Nakiwogo, Entebbe, alasiri na kufika Lutoboka baada ya mwendo wa muda wa saa tatu na nusu hivi, lakini kwa mtu ambaye ziwa limemjeruhi safari hiyo ni ndefu mno. Cha Bukakata huvuka mchana, kwa muda usiofika saa nzima, na abiria wake hawalipi nauli. Mwambie mama akusindikize mpaka Masaka, mlale huko pamoja, na asubuhi mwende naye gatini atazame tu magari yakiingia na watu wakipanda. Ukiona ameanza kuuliza maswali, mpe jaketi lako alivae yeye. Anaweza kuvuka nawe mpaka Luuku, akukabidhi shanta lako, na kurudi Bukakata kwa kivuko hichohicho kabla ya adhuhuri.

Shangazi